Huna Digrii Lakini Una Simu na Kiswahili? Hivi Ndivyo Unaingia Kwa Programu Huria Ukiwa Hapo Mbololo

Kila kijiji Mbololo kina ule mathe ama buda wa afya. Unamjua. Ana begi la gava mgongoni na simu mkononi, asubuhi anapanda mlima kuangalia mama mjamzito, mchana anashuka kucheki mtoto mwenye homa. Watu humuita tu CHP. Septemba 2023, Rais Ruto alizindua vifaa vya CHP kama 100,000 nchi nzima pale Uhuru Park, na simu ikiwa ndani ya mpango.

Sasa skiza hii. Ile programu CHP anabonyeza kwa hiyo simu imejengwa juu ya kodi iliyo wazi kwa mtandao. Ukiwa umekalia jiwe pale Tausa na bando ya finje, unaweza kuifungua, ukaisoma, na ukaituma ikiwa imerekebishwa. Hakuna mtu atakuuliza ulipata nini KCSE.

Kodi ninayosema ni maandishi ya programu, sio kodi ya nyumba. Hiyo ya nyumba, landlord wako ndiye anajua.

Mimi niliachana na chuo kabla ya kumaliza, so sitakuhubiria kuhusu vyeti. Kazi yangu leo ni kukuonyesha mlango uko wapi, unafunguliwaje, na wapi pa kuchunga usibanwe kidole.

Fremuweki ni chasi ya matatu

Cheki vile matatu hutengenezwa. Chasi na injini zinatoka kiwandani zikiwa tayari, halafu mafundi wanajenga bodi, wanadunga viti, muziki, taa na michoro. Matatu mbili zinaweza kuwa na luku tofauti kabisa na bado chasi ni moja. Hakuna fundi anaanza kwa kuchonga injini yake mwenyewe.

Fremuweki ndiyo hiyo chasi kwa upande wa programu. Mtu anayejenga tovuti ama programu ya simu haanzi zero. Mambo ya kuingia kwa akaunti, kuhifadhi data na kupanga kurasa yameshafanywa na wengine. Yeye anaweka bodi juu.

Django ni moja. Ilizaliwa ndani ya gazeti huko Kansas, Marekani, wasee wa gazeti wakitaka kuweka habari mtandaoni haraka, ikatolewa kwa umma 2005. Hiyo Instagram yako imejengwa kwa Django. Laravel ilitoka 2011, React ikatoka kwa Facebook 2013. Zote ziko wazi, na zote zimerekebishwa na maelfu ya watu ambao hawajawahi kukutana.

Ile ya CHP inaitwa Community Health Toolkit, kwa kifupi CHT. Inasimamiwa na shirika lisilo la faida linaloitwa Medic. CHT ndiyo chasi. Kenya ikajenga matatu yake juu ya hiyo chasi, ikaipa jina eCHIS. Uganda, Mali na Nepal pia wana zao, chasi ni ile ile. Maana yake ni kwamba kitu kidogo ukirekebisha kwa chasi, kinaweza kumsaidia CHP wa Mbololo na yule wa milima ya Nepal kwa mpigo mmoja.

"Huria" maana yake nini hasa?

Wengi hudhani programu huria ni programu ya bure. Mara nyingi ni bure kweli, lakini hiyo si maana yake. Huria ni ruhusa. Kila mradi una leseni, karatasi inayokuambia unaruhusiwa kufanya nini na kodi. Kawaida unaruhusiwa kuitumia, kuisoma, kuibadilisha na kuisambaza.

Leseni hazifanani. Django na Laravel zinakuacha ufanye karibu chochote, hata uuze kitu chako bila kuonyesha kodi. CHT iko chini ya AGPL, ambayo ni kali kidogo. Ukiibadilisha halafu uiweke kwa seva watu waitumie, lazima hao watu waweze kupata kodi ya hayo mabadiliko yako. Ni kama harambee. Unaweza kula pilau ya wote, lakini ukiongeza viungo vyako, usifunike sufuria.

Kenya si mgeni kwa hii maneno

Kama unafikiria hii ni stori ya wazungu, rudi nyuma kidogo. Januari 2008, nchi ikiwaka baada ya uchaguzi, Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia walisukuma tovuti ya ramani ambapo mtu aliripoti vurugu zilizotokea kwao. Waliiita Ushahidi. Kodi wakaiachilia wazi. Miaka miwili baadaye, Januari 2010, tetemeko lilipobomoa Haiti, programu ya hao Wakenya ndiyo ilitumika kukusanya vilio vya watu waliokwama.

Na kabla ya hapo kulikuwa na Eldoret. OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa, ulianza kutumika kule kwa mpango wa AMPATH mwaka 2006, wakati faili za wagonjwa wa HIV zilikuwa zimewazidi makarani. Leo KenyaEMR, inayotumika kwa vituo vingi vya afya vya gava, imejengwa juu ya OpenMRS.

So ukiingia huku, unaendeleza kitu ambacho Wakenya walikianza kitambo.

Mbona wewe wa Mbololo, na si msee wa Nairobi?

Hapa ndipo watu wengi hawaoni bahati yao.

CHT imejengwa kwa watu wa pahali netiweki ni ya kubahatisha. CHP akijaza fomu, data inakaa kwanza ndani ya simu yake. Akifika pahali kuna netiweki, simu inaongea na seva, zinapeana yaliyo mapya, kisha kazi inaendelea. Ndani ya simu kuna hifadhi inaitwa PouchDB, kwa seva kuna CouchDB, na hizo mbili zinajua kulinganisha daftari zao.

Kwa maandishi, hiyo inakaa poa. Kwa mlima, ni stori nyingine. Mtu anayeandika kodi akiwa ofisini na waifai haijui siku ambayo simu ilikaa masaa mengi bila chaji wala netiweki, halafu ikawashwa na fomu kumi zikisubiri kutumwa. Wewe unaijua, kwa sababu huyo CHP ni shangazi yako, na wewe ndiye huitwa kumsaidia simu ikigoma. Hiyo ni elimu. Hakuna chuo kinaifundisha.

Halafu kuna Kiswahili. Maneno yote CHP anayaona kwa skrini yametoka kwa faili la tafsiri. Kwa CHT, la Kiswahili linaitwa messages-sw.properties. Likifungua unaona kushoto jina la sehemu, katikati alama ya sawasawa, kulia maneno yenyewe. Hakuna hesabu ngumu hapo. Lakini kuna uzito. Chukua mfano wa neno la Kiingereza "due". Kwa mama mjamzito ni siku anayotarajiwa kujifungua. Kwa kazi ya CHP ni siku ya mwisho ya kumtembelea. Mtu asiyejua akitafsiri yote mawili sawa, CHP atakaa akikuna kichwa mbele ya mgonjwa. Na kuna maneno ambayo kwa kamusi ni sahihi kabisa, lakini ukimsomea nyanya wa Mbololo atakuuliza kama umeanza kuhubiri.

Nimesema Kiswahili, lakini hata Kidawida kina mlango wake. Mradi wa Common Voice wa Mozilla, ambao unakusanya sauti za watu wa kawaida ili kompyuta zijifunze lugha, una Kidawida ndani. Hapo hauandiki kodi hata mstari mmoja. Unasoma sentensi kwa sauti, ama unasikiza za wengine na kusema kama zimesomwa sawa.

Sasa tuingie: hatua kwa hatua

Miradi mingi inakaa GitHub. Chukulia ni daftari kubwa la chama ambalo kila mtu anaweza kusoma, lakini makatibu wachache tu ndio wanaandika ndani. Ukitaka kuongeza kitu, inaenda hivi.

Kwanza, fungua akaunti. Ni bure. Tumia jina ambalo hutaona haya nalo miaka mitano ijayo, kwa sababu hapo ndipo CV yako itakuwa inakaa.

Pili, chagua mradi unaokugusa. Kama unajua PHP, Laravel. Kama ni Python, Django. Kama unataka kitu kinachotumika kijijini kwenu, CHT, na daftari lake linaitwa medic/cht-core. Usichague mradi kwa sababu una jina kubwa. Chagua ambao utauvumilia ukikuboesha.

Tatu, soma kabla ya kuongea. Kuna faili la README linaloeleza mradi ni wa nini, na lingine la CONTRIBUTING linaloeleza wenyeji wanataka mchango uletwe vipi. Wageni wengi huruka hapa, na ndiyo maana kazi yao hurudishwa.

Nne, tafuta tatizo dogo. Kuna sehemu imeandikwa "Issues", hapo ndipo matatizo yote yameorodheshwa. Mengine yana lebo ya "good first issue", yaani yameachiwa wageni makusudi. Ukipata moja, andika hapo chini kwa heshima kwamba ungependa kulifanya, na usubiri jibu. Usianze kimyakimya halafu ukute mwingine amelimaliza jana.

Tano, jitolee nakala. Bonyeza "Fork", unapata fotokopi yako ya daftari zima. Ndani yake unafungua tawi, unafanya mabadiliko yako hapo. Ukiharibu, umeharibu fotokopi. Daftari la chama liko salama.

Sita, peleka kwa makatibu. Hiyo inaitwa "pull request", ombi la kazi yako kuingizwa kwa daftari kuu. Eleza umebadilisha nini na kwa nini, kwa sentensi chache. CHT wanataka hata kichwa cha ombi kifuate mtindo wao, kikionyesha aina ya badiliko na namba ya tatizo. Kompyuta itapima kodi yako kwanza, kisha mtu ataisoma.

Saba, kubali kusahihishwa. Hii ndiyo huangusha wengi. Utaambiwa badilisha hii, ondoa ile, jina hili halieleweki. Hawakuchukii. Hata walioiva hurudishiwa kazi yao. Jibu, rekebisha, tuma tena. Kimya kikizidi wiki mbili, uliza tena kwa upole. Wengi wao wana kazi zingine.

Na kama hauandiki kodi bado? Ripoti hitilafu. Ripoti nzuri ina vitu vinne: simu gani na toleo gani la programu, ulibonyeza nini kwa mfuatano, ulitarajia nini, na nini kilitokea. "Hii kitu haifanyi" si ripoti, hiyo ni malalamiko ya stage. Pia kuna maelekezo ya kutumia mradi, ambayo huwa yamepitwa na wakati ama yana hatua imesahaulika. Ukiyafuata ukakwama, pale ulipokwama ndipo mchango wako wa kwanza ulipo.

Na bando je? Na mashine?

Tuseme ukweli, hii si bure kabisa. Kuendesha CHT nzima kwa kompyuta yako kunahitaji kushusha vitu vizito, na bando ya siku moja itakufa mchana peupe. Kwa hivyo usianzie hapo.

Tafsiri na maelekezo unaweza kuyarekebisha moja kwa moja kwa kivinjari. Kwa GitHub kuna alama ya kalamu juu ya faili. Ukiibonyeza, inakutengenezea fotokopi yenyewe na kukupeleka hadi kwa ombi. Hata kwa simu inawezekana, ingawa macho yatalia kidogo.

Ukifika pahali pa kushusha kodi, tumia amri ya git clone ukiongeza --depth 1. Hapo unapata hali ya leo tu bila historia yote ya miaka, na bando yako inapumua. GitHub pia wana Codespaces, kompyuta ya kukodi iliyo mtandaoni, na akaunti ya bure hupewa kama masaa 60 kwa mwezi ya mashine ndogo. Ubaya wake ni kwamba lazima uwe na netiweki muda wote, so hiyo ni ya siku umeshuka Voi, si ya siku uko juu mlimani.

Ganji iko wapi?

Swali la maana. Jibu la moja kwa moja: mchango wa kwanza hautakulipa. Wa kumi pia labda hautakulipa. Mtu akikuambia utaomoka na programu huria kwa mwezi mmoja, shika mfuko wako.

Unachopata ni rekodi. Kila kitu ulichofanya kinabaki wazi, na jina lako na tarehe. Mwajiri anaweza kusoma kodi yako, na hata vile ulijibu ulipokosolewa. Kwa mtu asiye na cheti, hiyo ni silaha, kwa sababu cheti kinasema ulikaa darasani, lakini hii inaonyesha kazi yenyewe.

Halafu kuna milango ya kulipwa ambayo haiulizi digrii. Outreachy hulipa dola 7,000 kwa miezi mitatu, kazi inafanywa ukiwa nyumbani, na inalenga watu ambao hii sekta imezoea kuwaacha nje. Google Summer of Code ilikuwa ya wanafunzi peke yao, lakini tangu 2022 mtu yeyote wa miaka 18 na zaidi aliye mgeni kwa programu huria anaweza kuomba, na malipo hutegemea nchi na ukubwa wa kazi. OpenMRS wameshiriki huko miaka mingi. Kwa Outreachy lazima uonyeshe mchango kabla ya kuchaguliwa, na hata kwa Google, msee ambaye mradi tayari unamjua yuko mbele. Aliyeanza leo na tafsiri tatu atamshinda yule atakayeamka siku ya mwisho ya kuomba.

Ukipata nauli, kuna pia kukutana uso kwa uso. Novemba 2023, wasee wa Django walifanya kongamano lao la kwanza la Afrika pale Zanzibar. Kutoka Voi, hiyo ni karibu kuliko London.

Mambo manne ya kuchunga

Moja: kodi ni huria, data ya mgonjwa si huria. Hii ishike vizuri. Usichukue simu ya CHP ukapiga skrinshoti yenye jina la mtu, namba yake ama hali yake ya afya, ukaiweka kwa ripoti ya hitilafu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Na mbali na sheria, Mbololo kila mtu anamjua kila mtu. Tumia mfano wa kubuni.

Mbili: ukigundua tundu ambalo mwizi anaweza kupitia, usilitangaze hadharani. Miradi mingi ina maelekezo ya kuripoti kimya kimya. Fuata hayo.

Tatu: usitume takataka ili uonekane. Mwaka 2020 wakati wa Hacktoberfest, watu walikimbilia tishati ya bure kwa kutuma mabadiliko ya kijinga, neno moja hapa, nukta pale, mpaka wenye miradi wakachoka na waandalizi wakabadilisha sheria. Siku hizi ni AI. Ukiitumia, sawa, lakini usitume kitu usichoweza kukieleza mwenyewe. Katibu akikuuliza swali moja tu, utajulikana.

Nne: usiahidi kijiji miujiza. Rekebisho lako likikubaliwa, linaingia kwa toleo jipya la chasi. Kisha Wizara ya Afya ndiyo huamua lini eCHIS itahamia toleo hilo. Inaweza kuchukua muda kufika kwa simu ya shangazi.

Anza na hii wiki

Usijipe kazi kubwa. Siku ya kwanza, fungua akaunti ya GitHub na utafute cht-core. Siku ya pili, fungua faili la Kiswahili na usome mistari hamsini tu, ukijiuliza kwa kila mmoja kama mtu wa kwenu angeelewa. Ule utakaokukwaza, uandike kando. Siku ya tatu, muulize CHP wa kwenu ni neno gani kwa simu yake humchanganya. Atakuwa na jibu, na pengine hakuna mtu amewahi kumuuliza. Siku ya nne, bonyeza ile kalamu.

Mlima wa Mbololo una ndege, Taita thrush, ambaye duniani anapatikana Taita pekee. Wataalamu wanatoka mbali kuja kumtafuta. Na ujuzi uko vivyo hivyo: kuna vitu unavijua wewe wa hapa ambavyo msee wa San Francisco hana namna ya kuvijua. Faili liko wazi. Andika.